Nilivyomjibia Mama Mdogo

Harufu ya kitenge kipya, kile ambacho hakijaguswa na maji, hunikera hadi leo. Nikishuka Kikuubo kununua bidhaa za duka langu, nikisukumana na wapagazi wenye marobota vichwani, mtu akifungua robota karibu nami natamani kuziba pua. Wenzangu hudhani nina mafua. Kumbe mimi nimesharudi kwenye chumba chetu cha Kansanga, nina miaka tisa, na mama mdogo Zawadi ameketi mbele ya cherehani bila kukigusa.

Zawadi alikuwa mdogo wake mama. Tulikimbia vita Kivu pamoja, mimi nikiwa mgongoni mwake, na hapa Kampala akajulikana upesi kwa ushonaji. Alikuwa akimtazama mteja mara moja tu, mbele na nyuma, kisha anakata kitambaa bila futi wala chaki, na nguo inakaa. Mdomo wake nao ulikuwa mkali kama mkasi wake. Alimtania baba mpaka siku nyingine baba alibeba sahani yake akamalizia chakula nje.

Kisha akamzaa Neema. Mume wake akaenda Nairobi kutafuta maisha, hakuonekana tena, na miezi michache baadaye zikaanza sauti. Zawadi alizisikia ukutani zikimwita. Kanisani walimfanyia maombi ya siku tatu, hospitali wakampa vidonge. Vidonge vilizinyamazisha sauti, hilo nashukuru, ila Zawadi aliyerudi nyumbani alikuwa mzito. Alikata shingo mbili kwenye blauzi moja. Alianza kuosha vyombo, akasahau katikati, akasimama na sufuria mkononi huku maji yakimchuruzikia miguuni. Wateja wakaanza kupita mbele ya mlango wetu wakitazama upande wa pili.

Kilichotuaibisha zaidi ni salamu. Waganda husalimiana kwa kirefu, habari za asubuhi, habari za nyumbani, pole na kazi, na kila neno linataka jibu lake. Jirani yetu, Maama Nakato, alipita akimpa pole na kazi, "Gyebale ko, nnyabo," Zawadi akabaki kumtazama tu. Haukupita muda Maama Nakato akatangaza mtaa mzima kwamba Wakongo wana kiburi. Ndipo mama akanipa kazi.

"Ukiwa naye, wee njo mudomo yake," aliniambia. "Mutu akiuliza, jibu haraka."

Nikawa mdomo wake, tena hodari wa kazi hiyo. Nilimjibia kisimani, nilimjibia kanisani, nilimjibia kwa Kiganda na kwa Kiswahili, wakati mwingine kabla mtu hajamaliza kuuliza. Mara nyingi nilisema ndiyo, kwa kuwa niligundua ndiyo huondoa watu mapema.

Niwaambie pia kitu kingine nilichokigundua. Asubuhi moja nilimwuliza Zawadi soksi zangu za shule ziko wapi. Kimya. Nikatafuta chini ya kitanda, nikakata tamaa, nikavaa viatu hivyo hivyo, nikachukua mkoba, nilipofika mlangoni ndipo akasema, "Iko nyuma ya sigiri." Na kweli, zilikuwa nyuma ya jiko, zimekauka vizuri, zinanuka moshi. Nilicheka mpaka nikachelewa shule. Baada ya hapo nikawa namwuliza vitu makusudi, naruka kamba huku nikingoja. Jibu lilikuja kila mara, na lilikuwa sahihi. Sikumwambia mtu, nilidhani ni mchezo wetu wawili.

Jumapili moja baada ya ibada, mashemeji walikuja kutoka Kamwokya. Walitanguliwa na Papa Silasi, kaka mkubwa wa mume wa Zawadi, amevaa suti ya kahawia, mpole mpaka unakereka. Walikuja kumtaka Neema, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi. Katika ukoo wetu mtoto hachukuliwi kimya kimya. Pande mbili huketi, mama huulizwa maswali matatu mbele ya wote, na jibu lake la tatu ndilo linalokata shauri. Ni desturi nzuri, ikiwa kuna anayengoja jibu.

Walimketisha Zawadi kwenye mkeka, Neema mapajani, na mimi ubavuni pake, kazini kwangu.

"Zawadi, mutoto anakulaka nini?" Papa Silasi aliuliza.

Kimya. Papa Silasi akakohoa.

"Akilia, unafanyaka nini?"

Shemeji mmoja wa kike akamnong'oneza mwenzake, wakatikisa vichwa. Nilihisi aibu inanipanda mpaka masikioni. Mama alikuwa anatazama kucha zake.

"Unaitika tumubebe?"

Wote walimkodolea macho, wakingoja akubali mtoto achukuliwe. Zawadi alikuwa amekunja uso kidogo, midomo inacheza, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Niliuona uso ule. Nikafungua mdomo nikasema, kwa sauti yangu ya kujibia salamu, "Ndiyo, anaitika."

Mle ndani kulikuwa na watu wazima saba mbali na Zawadi. Hakuna hata mmoja aliyesema, huyu ni mtoto, hakuulizwa yeye. "Tumesikia," alisema Papa Silasi, akashusha pumzi. Mama naye akashusha pumzi, nilimwona. Soda zikafunguliwa.

Neema alifungwa mgongoni mwa shemeji akatolewa nje. Gari lao lilikuwa limeshaingia barabara ya Ggaba niliporudi ndani nikamkuta Zawadi peke yake kwenye mkeka, mikono bado imekaa vile ilivyompakata mtoto.

"Uji," alisema. "Ya baridi kidogo. Ya moto anaitapikaka."

Nilisimama pale pale.

"Namubebaka mu mugongo, nazunguka naye mu nyumba."

Akanyamaza tena, safari hii muda mrefu zaidi.

"Hapana," alisema. "Musimubebe."

Neema alikulia Kamwokya akiambiwa kwamba mama yake aliulizwa mbele ya watu, akamtoa kwa hiari. Anaamini hivyo mpaka leo, na haji kumwona.

Nilikuwa mtu mzima nilipomsindikiza Zawadi kliniki, nesi mmoja kijana akamwuliza analalaje, akaweka kalamu mezani, akangoja. Zawadi alipomaliza kujibu, nesi akanieleza kwamba ugonjwa huu huchelewesha fikra, dawa nazo huongeza uzito, lakini mtu mwenyewe yumo ndani, anasikia, anajua. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikalia kwa hasira.

Hasira yangu ya kwanza ni kwa watu wale saba, mama yangu akiwemo, waliotaka jibu jepesi wakaridhika nalo lilipotoka kwenye kinywa kisichohusika. Ya pili sina pa kuipeleka. Nikijilaumu, watu huniambia nilikuwa mtoto, sikujua. Mimi nilijua. Katika chumba kile kizima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Zawadi hujibu, na niliona aibu kumngoja.