Vibano vya Shaba

Shangazi yangu hufagia chini ya ukuta wa mawe ambao hakuna anayejua uliinuliwaje. Amefagia hapo tangu mimi sijaota meno, na sasa magoti yanamlia kila anapoinama. Mawe yenyewe ni makubwa kama vitanda, yamekaa bega kwa bega bila chokaa wala udongo. Kila yanapokutana pamezamishwa kibano cha shaba, kimejaa shimo lake hata ukucha haupiti. Wageni humuuliza, "Mama, hawa watu walifanyaje?" Naye hujibu, "Walifanya sijazaliwa," kisha huwaomba wanyanyue miguu apitishe ufagio.

Si kwamba hajali. Ukuta ule umemlia mume. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Siku moja alimpelekea mkewe chakula cha mchana kazini, akaviona vile vibano, na chakula kikapoa mkononi. Toka hapo, kila Jumapili alikuwa uani na mawe yake: achimbe shimo, ayeyushe shaba, amimine, jiwe lipasuke. Akaanza kulipasha jiwe moto kwanza. Likapasuka vilevile, ila taratibu. Mtaani wakambatiza Profesa wa Kokoto. Hata sisi watoto tulimwita hivyo, na alikuwa anasikia.

Kosa lake kubwa lilikuwa miwani. Alisema shaba ikiwa tayari huonyesha kwa rangi, na miwani ya kuchomelea inaificha rangi, basi akaivua. Shangazi aligomba mpaka akachoka. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, lakini dawa ya macho aliendelea kumtia yeye mwenyewe, asubuhi na jioni. Sasa mzee haoni ila mwanga na kivuli, na kifua nacho kimeharibika kwa ule moshi. Yuko kitandani, anasubiri mkewe arudi na habari za ukutani.

Mwaka huu walikuja wataalamu na mashine ya kuchungulia ndani ya mawe. Mzee akachangamka hata akaomba kunyolewa. Kila jioni, kabla ya salamu, aliuliza, "Wamejua?" Shangazi alinong'ona nami jikoni kwamba anaogopa mumewe atakufa akiwa bado yule wa kokoto.

Jana wataalamu walifungasha. Mkubwa wao, mama mmoja mpole, alimweleza shangazi waziwazi: shaba ilimiminwa palepale ukutani, hilo wameliona. Kwa nini mawe hayakupasuka, hawajui.

Tulirudi kwa miguu, mimi nimembebea ufagio. Njiani shangazi akatunga uongo.

"Nitamwambia wamejua," alisema. "Nitamwambia walifanya kama yeye, ila mawe ya siku hizi ndiyo mabovu. Nimechoka, mwanangu. Acha na yeye apumzike."

Sikumpinga. Hata mimi ningesema hivyo.

Tulimkuta mzee ameketi, uso umeelekea mlangoni, mikono imekamata shuka.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Hawajajua, eti?"

Aliuliza kama mtu anayeomba. Shangazi alinitazama, akameza alichokuwa amekiandaa.

"Hawajajua, baba. Hata kidogo."

Mzee akashusha pumzi, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi hatujachelewa! Sikiliza. Nikipata nafuu, tukishamimina, jiwe tulizike kwenye majivu ya moto, lipoe lenyewe kwa wakati wake. Hilo sijajaribu."

Nafuu haiji, daktari alishatuambia. Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda kwa uzito wa siku nzima, akaifungua ile chupa ndogo.

"Inua kichwa," akamwambia.

Akamdondoshea dawa jicho moja, kisha la pili. Halafu akaniambia bila kugeuka, "Ukipita jikoni, yale majivu usiyamwage."