Alimhamisha, Hakumfukuza

Marehemu hakumfukuza mwanawe wa kwanza. Hilo na litangulie mengine yote, kwa sababu viti vya kuazima vya msibani vilikuwa bado havijarudishwa, na tayari pale mlangoni mtu alishamnong'oneza mwenzake, "Kumbe na yule aliyefukuzwa kaja!" Huyo "aliyefukuzwa" alikuwa karibu nao, kashika birika, anawamiminia wageni chai. Alisikia. Akaendelea kumimina, na chai haikumwagika. Penye wengi pana mengi, sawa. Lakini mke wa marehemu, ambaye ndiye anayeyaandika haya, alifundisha darasani mpaka akastaafu, na hajazoea kuacha jibu la makosa ubaoni.

Marehemu mtaani walimwita Bawaba, kwa kuwa aliuza milango na madirisha. Jina hilo alilipenda. "Sifa anapewa mlango," alikuwa akisema, "lakini anayeubeba ni bawaba." Wachache walijua kwamba mtu huyu wa mashati yaliyonyooshwa alikulia nyuma ya mkia wa ng'ombe. Utotoni kazi yake ilikuwa kuwaswaga maksai huku baba yake kashika plau. Hadi uzeeni aliweza kueleza harufu ya udongo uliogeuzwa asubuhi, bado una umande, na mkewe, aliyelelewa katika nyumba ya karani na hakuwahi kushika jembe, alijifunza kutulia na kusikiliza.

Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha maksai mmoja aliyeitwa Kaidi. Kaidi alivuta vibaya. Matuta aliyoyapita yalijipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Majirani wakashauri achinjwe, yaishe. Baba mtu hakumchinja wala hakumpiga. Alimfungua kwenye nira upande wa kulia, akamzungusha, akamfunga kushoto. Kabla jua halijafika utosini, plau ilikwenda imenyooka. "Tangu hapo," marehemu angesema, "nikimwona mtu anaharibu kazi, kwanza nauliza kafungwa upande gani."

Mjini alianza kwa kusukuma randa katika karakana ya seremala mmoja mkali, na baada ya miaka mingi akawa na mahali pake mwenyewe: duka mbele, karakana nyuma. Dukani milango ilisimama imeegemea kuta zote, inanuka vanishi, haielekei popote. Jumamosi watoto wake waliigeuza mchezo. "Hodi!" Naye akiwa nyuma ya kaunta, "Karibu, ila viatu nje!" Ng'ombe hakuwa naye tena, lakini aliamka saa ile ile ya kukamua. Akikosa cha kukamua, aliwasha jiko, akapiga viatu vya shule rangi, jozi baada ya jozi, akiimba kwa sauti mbaya.

Kifungua mimba alipomaliza shule, baba alimweka kaunta, kama wote walivyotarajia. Binti, aliyemfuata, aliomba mwenyewe karakana, akapewa aproni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upogo.

Kijana alikuwa mkweli kupita kiasi ambacho kaunta inaweza kukivumilia. Siku moja akaja mjenzi mmoja, kitambi mbele, sauti juu.

"Mlango wenu umepinda! Haufungi!"

"Haujapinda, mzee," kijana alimjibu bila hata kuinua macho. "Niliupima mimi. Ukuta wako ndio umelewa."

Duka zima likacheka. Mjenzi hakucheka, akaenda kununua kwingine.

Huko nyuma nako, binti alikuwa na mdomo wa asali. Akianza kisa, misumeno yote ilinyamaza na mafundi wakashika mbavu. Yeye mwenyewe kila fremu aliyoikata ilitoka fupi.

"Dada," fundi mkuu alimwambia, "hii tumpelekee sungura akajengee."

"Si kosa langu, kaka. Mbao imenywea kwa kukodolewa macho na wewe."

Baba aliyatazama haya kwa majuma kadhaa. Halafu asubuhi moja, duka limejaa wateja, akatamka: "Wewe, chukua vitu vyako uende nyuma. Na wewe, vua hiyo aproni, ukae hapa."

Basi. Hakuongeza neno.

Kijana alikusanya vitu vyake katika boksi: koti, kikombe, redio ndogo. Siku hiyo mlango wa ndani wa kwendea karakana ulikuwa umezibwa na mbao zilizoshushwa alfajiri. Ikabidi atokee mbele, boksi mikononi, uso umemvimba kwa hasira, auzunguke mtaa aingilie geti la nyuma. Mwenye duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara, alimwona akitoka. Kuingia hakumwona. Na mtu akishaona nusu, ile nusu nyingine hujishonea mwenyewe.

Jioni, mezani, mke wa Bawaba hakumficha mumewe.

"Umemvua nguo mwanao mbele za watu."

"Nimembadilisha upande tu, Mwalimu."

"Ungemwambia sababu."

"Kaidi hakuambiwa."

"Kaidi alikuwa ng'ombe, baba watoto! Huyu ana masikio mafupi na kumbukumbu ndefu."

Mume akaweka kijiko chini. Chakula chake kikapoa pale pale.

Haukupita muda, mwenye vitambaa akaja kutoa pole. "Shoga yangu, makubwa! Kumtoa wa kiume, kumweka wa kike?"

"Nani kakwambia katolewa?"

"Si macho yangu haya?"

"Basi yapatie miguu, yazunguke nyuma ya duka."

Shoga alicheka sana. Hakuzunguka.

Angezunguka angemkuta kijana kainama juu ya mbao, kalamu sikioni, hana wa kumwambia ukweli ila mbao yenyewe, na mbao haikasiriki. Milango iliyotoka mikononi mwake ilifungika kwa kidole kimoja. Mbele nako binti alimbembeleza yule mjenzi hata akarudi, akaagiza nyumba nzima. Lakini baba na mwana walisalimiana kama wapangaji, na hilo lilimnyima marehemu usingizi kuliko hasara yoyote.

Ndipo alasiri moja akawaruhusu mafundi waende mapema. Akaingia karakana, akaurudisha mlango nyuma yake. Walikaa humo mpaka jua likaanza kupungua. Walipotoka, wote wawili walikuwa na unga wa mbao kichwani, na mkono wa baba ulikuwa begani kwa mwanawe. Tangu hapo walikula pamoja kila mchana, wameketi juu ya vipande vya mbao, wakibishana kuhusu mpira. Mzee alipougua, mwana huyo ndiye aliyemnyoa ndevu, na mgonjwa aliukataa wembe wa mtu mwingine yeyote.

Walisemezana nini siku ile? Watu wameuliza, wengine kwa adabu, wengine kwa kuwapitia wajukuu. Je, baba aliomba radhi? Mwana alilia? Nani alianza? Mkewe anajua, kwa kuwa kila mmoja alimsimulia kwa wakati wake. Hayaandiki, na hatayasema.