Nilimpulizia mama mkwe pumzi mdomoni, na ukoo bado unanitazama kwa jicho la pembeni

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe, na mashahidi ni wengi kuliko nilivyotaka.

Mimi ni mtu wa makamo, mkazi wa Kisauni, mwenye shahada ya falsafa inayoning'inia ukutani kuziba ufa. Riziki yangu iko ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, huko Kipevu.

Ofisini tulipewa kozi ya huduma ya kwanza. Kubonyeza kifua, kupuliza pumzi, yote juu ya mwanasesere wa plastiki. Nilifanya vizuri sana. Mwanasesere hana ukoo.

Sasa. Mama mkwe alikuja kwetu kutoka Kaloleni, magoti yamemvimba. Majirani zake walimwambia maji ya chumvi huyatuliza. Jumamosi moja mke wangu Kadzo nami tukampeleka ufukweni Shanzu.

Kwa msioijua adabu ya kwao: mkwe na mama mkwe hawagusani. Salamu za mbali, macho chini. Nikakaa nimeipa bahari mgongo, maana mama mkwe mwenye leso iliyolowa si wa kutazamwa.

Ndipo Kadzo akapiga ukelele. Wimbi lilikuwa limemwangusha mama, akaenda chini.

Nikajitosa, tukamvuta pamoja; tulipomfikisha mchangani hakuwa akipumua.

Wauza shanga wakajaa. Mmoja akataka kumkandamiza tumbo maji yatoke, nikamzuia. Mwingine nikamtuma aite gari la hospitali. Kisha nikamwinua mama kidevu, nikambana pua, nikapuliza. Kifua kikapanda.

"We mzee, huyo nani wako?"

"Mama mkwe wake!" Kadzo akajibu huku analia.

Nyuma yangu mtu akasema, "Lahaula!"

Nikapuliza, nikabonyeza, nikapuliza tena, mpaka akatapika maji na kukohoa. Nikamlaza ubavu. Hospitali walikaa naye siku chache, akarudi kwetu mzima.

Nilidhani nitashukuriwa. Nikaitwa kikao, tena sebuleni kwangu mwenyewe.

Mjomba Karisa, kaka yake mama, alikuja na wazee wawili na simu yenye video.

"Mkwe, hebu tazama. Huyu mzungu anabonyeza tu, hapulizi. Na mgonjwa kaamka. Wewe ulipuliza ukitafuta nini?"

"Mjomba, huyo wa kwenye video moyo ulisimama ghafla. Damu yake ilikuwa bado na hewa. Mama alikosa hewa kwanza. Ningebonyeza tu, ingekuwa kama mkokoteni wa maji unaozunguka mtaa mzima na mitungi mitupu."

"Wasomi hamkosi neno," akaguna. "Na ulipuliza mara ngapi?"

Swali hilo hata Kadzo alishaniuliza, taratibu, akikuna nazi: "Baba Neema, hivi zilikuwa ngapi?" Nilimjibu sikumbuki. Uongo. Kozini tulifundishwa kuhesabu.

Mjomba akatoa hukumu: Kadzo arudi kwao mpaka aibu hii itakaswe. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikamtazama mke wangu, naye akatazama sakafu. Wakuu, falsafa yote iliniishia hapo.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la chumbani. Mama mkwe, ambaye kwa adabu hakuweza kukaa nami, alikuwa akisikia kila kitu.

"Karisa."

"Naam, dada."

"Pumzi ninayosemea sasa ni ya huyo mkwe. Kama mnaona si halali yangu, semeni. Nitoke nimrudishie mdomoni, hapa hapa, mkiwa mashahidi."

Mzee mmoja akakumbuka ana ng'ombe wa kufungia.

Kadzo hakwenda popote. Mama naye bado ananisalimu kwa mbali, macho chini, kama zamani.

Mjomba nilimsindikiza hadi langoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mkwe, mimi nikizama, wewe bonyeza tu."

"Mjomba, basi usizame mbele yangu."

Funzo nililopata: aliyeanguka ghafla, kama hukusomea, kubonyeza kifua peke yake kunasaidia sana. Aliyezama anahitaji pumzi pia, na haingoji kikao. Nendeni mkajifunze kabla.

Haya, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Ila kabla hujaandika kwamba ungepuliza bila kusita, kwanza mfikirie mama mkwe wako, jina na sura.