Kidonge Kisicholeta Usingizi

Nilikubali kuacha vidonge vyangu nikiwa nimesimama kando ya mizani ya kahawa, Jumamosi asubuhi, mbele ya watu. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa matangi katika kiwanda kidogo cha kahawa upande wa Othaya. Kahawa mbivu ikishakobolewa, punje hulazwa ndani ya tangi zikiwa bado na utelezi, zichachuke mpaka utelezi uachane nazo. Zikioshwa mapema, utelezi unabaki. Zikichelewa, zinaoza kwa ndani na ladha yake haiponi tena. Lazima mtu mmoja aseme, "Sasa osheni." Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilitumia mkono, kwa sababu punje zilizo tayari hukwaruza kama changarawe. Lakini mkono hukuambia tu kwamba utelezi umeisha. Haukuambii umeisha tangu lini. Hilo niliambiwa na pua. Harufu ya tangi huanza kama ndizi mbivu, halafu huingia ukali kidogo, kama uji uliolala, na katikati ya hizo mbili kuna kitambo kifupi ambacho nilikitambua nikiwa bado mlangoni. Sikufundishwa hilo shuleni, na nilisoma hadi kidato cha nne. Hadi leo linanishangaza: matundu mawili madogo usoni mwa mtu yakiamua kazi ya msimu mzima ya ukoo wa watu.

Na pua hiyo hiyo ilikuwa gonjwa. Tangu ujana nilikuwa na aleji ya vumbi. Daktari alinipa vidonge vidogo vya njano, kimoja kila jioni, na kwa miaka mingi vilinifaa. Siku za kwanza vilinilaza kama mtoto mchanga. Usingizi ule ulikwisha upesi, sikujali, kwa kuwa pua ilikuwa wazi. Kisha ukaja msimu ambao nilipiga chafya kuanzia alfajiri, kidonge au bila kidonge.

"Wee mzee, utatumwagia kahawa na hizo chafya," alisema mwenzangu wa mizani. "Kwani dawa iliisha?"

"Nakunywa kila siku."

"Inakulaza bado?"

"Hapana. Iliacha kitambo."

"Ndiyo hiyo! Mwili umeizoea. Dawa isiyokulaza imekufa. Ati unameza chaki kila jioni na unasema uko na dawa!"

Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa walicheka, nami nikacheka nao. Akatoa mfukoni kichupa cha matone ya pua, aina ile inayouzwa dukani bila kuulizwa maswali. Nilitia tone moja kila upande. Kabla hajamaliza kupima gunia lililofuata, hewa baridi ya mlimani iliingia kichwani mwangu kama maji katika mfereji mkavu. Niliona muujiza. Jioni hiyo nilivitupa vidonge chooni.

Nilijinunulia kichupa changu, na karatasi iliyokuja nacho ilisema kitumiwe siku chache tu. Nilitumia misimu mitatu. Kila tone lilipokwisha nguvu, pua iliziba kuliko mwanzo, nami nikaongeza lingine. Harufu ziliondoka polepole hata sikuziona zikienda. Siku moja mke wangu aliingia jikoni mbio.

"Baba watoto! Maziwa yanaungua na umekaa hapo hapo!"

"Nilikuwa nawaza," nikamjibu.

Nilimdanganya. Niliogopa kusema kwa sauti, maana msimamizi asiyenusa ni sawa na dereva asiyeona. Kiwandani nilianza kuhesabu saa na kusugua punje, nikijifanya nainama kunusa. Ilifanya kazi mpaka siku ya joto lisilo la kawaida, wakati kahawa ilipoiva tangini haraka kuliko saa yangu. Nilisugua, ikakwaruza. Nikasema ioshwe.

"Mzee, hii inanuka vibaya," alisema mama mmoja aliyeshika reki.

"Inanuka kama kawaida."

Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia tangi. Akaingiza reki na kuanza kuosha.

Kahawa ile ilirudishwa na wanunuzi kama taka. Kamati ya kiwanda iliponiita, nililaumu joto. Wiki moja baadaye nilienda Nyeri mjini kwa daktari wa pua. Alikuwa msichana wa rika la wajukuu wangu, naye akaniita guka, yaani babu. Alipitisha kamera nyembamba puani, akageuza skrini nione. Sikuwahi kufikiri kuna pango kama lile ndani ya mtu: kuta za waridi zinazong'aa, na katika njia ya harufu, vinyama vyeupe kama zabibu zilizomenywa, ambavyo alisema huota pua ikivimba kwa muda mrefu.

"Lakini vidonge vilikufa," nikajitetea. "Viliacha kunilaza."

"Usingizi ndio mwili wako ulizoea, guka. Huo huisha upesi. Kazi ya vidonge puani kwa kawaida haichoki hivyo. Aleji ikizidi, tunauliza kwanza nini kimebadilika nyumbani."

Nikakumbuka. Msimu ule ule wa chafya nilikuwa nimeanza kufuga kuku, kibanda kikiwa ukuta mmoja na chumba changu cha kulala, na nilikuwa nikimwaga humo magunia ya maganda ya mpunga kutoka Mwea. Vumbi lake liliingia hadi kwenye blanketi. Kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi kilikuwa kikipigana na magunia yale kila usiku, bila kuchoka, na mimi nikakiita chaki.

Vinyama vilitolewa, matone niliyaacha kwa shida, kibanda nilikihamisha. Sasa napumua vizuri. Daktari alisema pengine harufu ingerudi. Nimengoja miaka minne. Mvua ikinyesha, mibuni huchanua mlima mzima ukawa mweupe, watu husimama njiani kuvuta pumzi, nami husimama nao na kuona weupe tu.

Kwa kukubali siku ile nilipoteza uwezo wa kunusa, na kwa kuuficha nikawaharibia majirani zangu tangi zima la kahawa. Niliwaambia ukweli nilipokabidhi funguo za kiwanda. Kazi sikurudishiwa, na sikuiomba.