Salamu za Jumamosi kwa Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kwa shughuli zangu, nikapita mtaa ilipokuwa redio yetu. Jengo lipo bado, ila sasa ni ofisi ya mawakala wa forodha, na pale uliposimama mlingoti wanaegesha malori. Nilisimama kidogo, kisha nikaendelea na njia. Ngoja nikueleze kwa nini sikukaa.

Nililelewa Chapwa na bibi, mama yake baba. Mama alikuwa ameolewa tena huko Galula. Baba alivuka kwenda Zambia nikiwa bado nanyonya, na sote tulijua yuko Kopabelti, kwenye migodi ya shaba, mbali, anatafuta maisha.

Redio ile ilikuwa ya umma, na ikifika likizo ya mwezi wa sita iliwaachia watoto saa nzima kila asubuhi. Siku shule zinafungwa, mtangazaji, mama mmoja mwenye sauti nzito kidogo, alisoma ratiba ya likizo yote: hadithi, vitendawili, kwaya za shule, na Jumamosi salamu zinazosomwa na watoto wenyewe. Tulisikiliza uani tukipukuchua mahindi, midomo imepasuka kwa baridi na upepo, kande zikitokota jikoni. Kipindi kikianza bibi aliinua mkono tu, na hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alinyamaza.

Nilipokuwa darasa la tatu bibi alinishika mkono akanipeleka studio. Nilimwambia baba yuko mbali mno.

"Redio haina mpaka," alinijibu. "Haiulizwi pasi."

Maneno alinitungia yeye, mimi nikaandika: Baba, hatujambo. Bibi anaumwa miguu lakini anajikongoja. Njoo utuone, hata kwa siku moja. Mtangazaji aliwasalimu kwanza kwa Kibemba wasikilizaji wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, "Mwapoleni mukwai," ndipo akanisogezea kipaza sauti. Nilisoma yote bila kuinua macho.

Tangu hapo sikukosa Jumamosi, likizo nne mfululizo. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kusoma mbele ya kuku. Nikirudi kutoka studio nilimkuta bibi amevaa kitenge chake cha kanisani, amefagia uwanja mara ya pili. "Leo atakuwa amesikia," alisema, na chakula cha mchana kiliongezwa sahani moja.

Likizo ya mwisho nilimwuliza mtangazaji kama Kopabelti wananisikia vizuri. Alivua miwani yake.

"Kopabelti? Mwanangu, sisi tunaishia Nakonde na vijiji vya jirani. Hakuna aliyekuambia?"

Sikumwambia bibi. Niliendelea kusoma hadi likizo ikaisha, nikijua kwamba simsomei mtu, namsomea yeye tu pale uani. Niliona nimekuwa mtu mzima.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Msiba ulitangazwa redioni asubuhi, na kabla hata ndugu wa Mbozi hawajafika, bodaboda ilisimama getini akashuka mwanaume mwenye paji la uso kama langu. Shangazi alinisukuma mbele. "Msalimie baba yako."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuwa unasoma vizuri sana redioni. Pale Nakonde nyumba nzima tulikuwa hatukosi Jumamosi. Wadogo zako walikuwa wanakuigiza."

Nyumba nzima. Nilimwuliza kwa nini hakuja, na kutoka Nakonde hadi kwetu mtu anaweza kutembea kwa miguu.

Aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa natafuta siku nzuri," alisema, akaenda kukaa na wanaume. Tulipotoka makaburini hakurudi nyumbani kula. Mpaka leo hatujaonana tena, na mimi sijavuka.

Redio ilifungwa miaka michache baadaye. Rika langu wanaililia. Wanasema siku hizi mtoto akiwa likizo hana wa kumsimulia hadithi, ana simu tu. Wana haki. Wao walisikilizwa na watu waliowapenda. Mimi ninachokililia ni kile kipindi kifupi nilipoamini sauti yangu inapotelea hewani, haifiki kwa mtu yeyote. Nilikuwa na uchungu, ndiyo, lakini nilikuwa bado nina baba aliye mbali.