Majina Mia Tano ya Mama wa Maji

Wewe mtu akikuuliza unapigia kura wapi, unajibu nini? Unajibu nyumbani, si ndiyo? Hata mimi nimejibu hivyo maisha yangu yote, na hiyo jibu ndiyo ilituchosha bure.

Mimi naishi Nyalenda, mtaa wa mabanda hapa mjini, miaka mingi kuliko meno imebaki kwa mdomo. Nakaanga omena, hiyo samaki ndogo ya ziwa, karibu na mfereji, bomba ya maji ya mtaa, na mwenye kushika ufunguo ya mfereji ni jirani yangu, mjane kama mimi, tunamwita tu Mama wa Maji. Siku moja akakuja kukaa kando ya karai yangu, akasema anataka kusimama MCA, mjumbe wa wadi yetu kwa bunge ya kaunti. Nilicheka mpaka omena ikaungua. Yeye hakucheka. Alisema amechoka kubembeleza watu wa ofisi juu ya bomba kavu, afadhali aingie huko ndani mwenyewe. Sasa chama hakuwa nayo, na mtu bila chama lazima kwanza alete majina mia tano ya watu wanamuunga mkono, kila mtu na namba ya kitambulisho na sahihi yake.

Mimi shule niliacha darasa la pili. Kuandika ni shida, lakini kuongea, hapo utanipata. Kwa hivyo tukagawana: mimi nagonga mlango, naongea, yeye anaandika. Asiyejua kalamu anaweka kidole kwa wino. Wiki tatu. Hiyo matope ya Nyalenda wakati wa mvua unaijua? Ilikula patipati yangu mbili, hizo ndara za mpira. Goti ikavimba, ikawa nikifika kwa mtu nakaa kwanza kwa kiti yake, nakunywa chai yake, ndiyo nataja kura. Mzee mmoja fundi wa baiskeli aliniuliza kama huyo akishinda mimi nitapewa kazi gani. Nikamwambia nitakuwa soja wa geti, na wewe Mzee hutapita. Akaweka sahihi akicheka.

Kila mtu tulimuuliza kama ni mpiga kura. Wote walisema ndiyo. Na hakuna mmoja alidanganya.

Tulifika mia tano na ishirini na kitu. Tukapeleka karatasi kwa ofisi ya uchaguzi, sisi wawili, tumevaa nguo ya kanisa. Karani alikuwa msichana mpole, akaanza kuingiza namba moja moja kwa kompyuta. Ya kwanza ilikuwa yangu. Niliitaka iwe ya kwanza.

“Mama,” akasema, “wewe kura yako iko Asembo Bay.”

Nikamwambia ndiyo, si huko ndiyo nyumbani, bwana yangu amezikwa huko, nitapigia wapi tena. Akasema ni sawa, lakini sheria inataka mtu amejiandikisha kwa hii wadi. Akapiga mstari juu ya jina yangu, pole pole, kama mtu anaona aibu.

Fundi wa baiskeli, Bondo. Wale jirani wa kutoka Vihiga, kura yao Vihiga. Mama wa mboga naye alipatikana ni mwanachama wa chama fulani, na sheria haitaki watu wa chama kwa hiyo karatasi, na hata yeye hakujua. Unaona, kwetu sisi Nyalenda ni nyumba tu ya kupanga. Nyumbani ni pale watu wako wamelala. Maji tunakunywa hapa, kura tunapanda nayo gari tunaipeleka kule, na hakuna siku tuliona hiyo ni makosa. Kufika ukurasa wa tatu niliacha kuangalia. Majina ilibaki haikufika hata nusu, siku ya mwisho ilikuwa kesho, na kuhamisha kura ilikuwa imefungwa kitambo.

Mama wa Maji hakugombana na mtu. Tulitembea mpaka karibu na mfereji, ndiyo akaniuliza, “Na wewe, miaka yote hii unachota kwangu, kumbe ulikuwa mgeni?”

Siku ya kura jina yake haikuwa kwa karatasi. Mimi nilienda Asembo, nikapigia watu hawajui hata mfereji yangu iko wapi.

Sasa anasema atajaribu tena, na mimi nataka kuhamisha kura, lakini naogopa. Ndugu za bwana yangu wakisikia watasema nimekataa boma. Siku yangu ikifika watasema huyu ni mtu wa Nyalenda, akazikwe na kaunti. Juzi nilimwambia mjukuu yangu hayo yote, msichana anasoma yunivasiti Bondo, akinikanda goti. Huyo hucheka kila kitu. Hii hakuicheka.

“Dani,” akasema, vile kwa lugha yetu huita nyanya, “Jumatatu tunaenda pamoja. Uhamishe yako, na mimi nijiandikishe hapa. Kura ikae Nyalenda. Wewe mwenyewe nitakupeleka Asembo, kando ya babu, hata kama nitagombana na wazee wote wa boma.”