Barabara Iliyopata Mbili

Nilipopewa kazi ya kupanga mfumo wa kutunza barabara za lami za mji wa Likasi, niliamini shida yetu kubwa ilikuwa kukosa takwimu. Nikatengeneza fomu. Barabara isiyo na shimo ingepata alama ya moja, iliyoharibika kabisa ingepata tano, na kompyuta ingepanga zipi zitengenezwe kwanza. Fomu hiyo niliionea fahari sana.

Nilikagua kwa miguu. Barabara moja nyuma ya soko niliipa mbili, kwa sababu mashimo yake yote yalikuwa yamejazwa vipande vya matofali na kushindiliwa vizuri. Orodha ilipobandikwa ofisini, mama mmoja wa barabara ile, muuza makala, yaani mkaa, alinisubiri mlangoni.

"Papa, ni minye nilifunga ile mashimo," alisema. "Bale banaletaka makala na baiskeli, ilikuwa inabaangusha kila siku."

"Ulifanya muzuri, mama."

"Sasa juu ya nini tuko mwisho kwa liste?"

Nikamweleza kwamba mfumo hutazama hali ya barabara tu.

"Na muntu mwenye kuifunga, haimuonake?"

Nikasema hapana. Akanishukuru kwa heshima, akaenda zake.

Wiki iliyofuata aliniita nikakague tena. Matofali yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta wake, mashimo yako wazi, naye amekaa nyuma ya mafungu yake ya makala akinitazama. Niliandika tano. Kabla ya mvua kuanza, barabara ilipata lami mpya.

Habari zikaenea. Nilipokagua mwaka uliofuata, mtaa mzima ulikuwa umeng'oa matofali na mawe yaliyoziba mashimo yake. Mashimo mengine yalikuwa yamefagiliwa kabisa, nisije nikayapita bila kuyaona. Kompyuta nayo ikachora mstari wake: tangu mfumo uanze, barabara za mtaa ule zinazidi kuharibika.

Mkuu wangu aliniita, akauweka mchoro mezani. Nilimsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Ile hatuwezi kuituma kwa wakubwa wa Lubumbashi," akasema. "Pale kwa cause, sababu ya kuharibika, andika mvua."

"Lakini chef, huu mwaka mvua ilikuwa kidogo."

"Andika tu."

Nikaandika mvua.